Shangazi Kapotelea Kwenye Zipu

Yote yalianza nilipoipa leya tupu jina la ukoo.

After Effects ni programu ya kutengeneza michoro inayosogea, na leya ni tabaka moja la video yake. Leya tupu haionekani kwenye video. Kazi yake ni kubeba vitelezi, menyu na visanduku vya rangi, ili mnunuzi wa kiolezo abadilishe mambo yote mahali pamoja badala ya kufukua leya moja moja. Programu yenyewe ina wazazi na watoto tangu zamani: ukimfunga mtoto kwa mzazi, mzazi akisogea naye anasogea, akizunguka naye anazunguka. Lakini leya ya vitelezi haimbebi mtu. Imekaa pembeni, haionekani, na inaamrisha kila mmoja: wewe punguza kasi, wewe badili rangi, wewe mbona umechelewa kuingia. Mzazi anabeba, huyu anatoa amri. Ningemwita nani kama si SHANGAZI?

Nikamjengea kompo (jukwaa la kupangia leya) yake peke yake, nikaiita KITOVU. Wasaidizi wake watatu, kila mmoja na seti yake ya rangi, wakawa SHANGAZI 1, SHANGAZI 2 na SHANGAZI 3, huyu wa tatu akiwa na njano ya kuumiza macho. Kibao kilichokawia kuingia kikaitwa MVIVU. Mahali pa cheo cha mhojiwa niliandika, kwa herufi kubwa, MKUU WA UMBEA.

Bidhaa ilikuwa seti ya vibao 12 vya majina, vile vinavyochomoza chini ya skrini mtu anapohojiwa. Nilipakia faili kwenye soko la mtandaoni, nikangoja. Jibu la mkaguzi lilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: "Kibao cha 7 kinaruka." Wa pili: "Shangazi ni nani, na kwa nini nikimfuta kila kitu kinakufa?"

Tuanze na kuruka. Mandhari ya kibao hupima ukubwa wa maandishi kwa amri ya sourceRectAtTime, halafu hujitanua kuyafuata. Upana hauna shida. Urefu ndio kigeugeu, maana kipimo hicho kinashika wino wa herufi zenyewe: jina lenye g, j au y lina mkia unaoshuka chini ya mstari, na kibao kinanenepa kwa ajili ya mkia huo. Ukifuta herufi ile, kinakonda. Mimi nilikuwa nimejaribu kwa MKUU WA UMBEA tu, na herufi kubwa hazina mikia. Mkaguzi akaandika jina la kawaida kwa herufi ndogo, kibao kikaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Dawa ni kuacha sourceRectAtTime ipime upana peke yake, na urefu uutoe kwenye ukubwa wa fonti. Kisha ujaribu jina la herufi 3, la herufi 30, na lenye mikia ya kutosha.

Hilo lilinichukua dakika ishirini. Shangazi alinichukua usiku kucha.

Mkaguzi alikuwa na haki. Mnunuzi anafungua faili yako saa nane usiku, kazi inatakiwa asubuhi, anakutana na SHANGAZI 3 akiwa juu ya MVIVU. Nikaamua kusafisha majina. Wanunuzi wako kila pembe ya dunia, kwa hiyo majina yawe ya Kiingereza chepesi na namba ziwe na tarakimu mbili, 01 hadi 12, maana kwa mpangilio wa herufi 10 hutangulia 2. KITOVU ikawa CONTROL PANEL. SHANGAZI akawa CONTROLS. Wasaidizi wakawa COLORS 1, 2 na 3.

After Effects ina adabu. Ukibadilisha jina la leya, ekspresheni (vipande vya msimbo vinavyoendesha leya) zilizomtaja moja kwa moja hujirekebisha zenyewe. Nilimbadilisha Shangazi mkuu, vibao vyote 12 vikaitikia jina jipya bila kinyongo. Nikapata kiburi. Nikawabadilisha wasaidizi.

Chini ya dirisha la kompo ukatokea utepe wa onyo. Ekspresheni 36 zimekufa.

Kisa ni ujanja wangu mwenyewe. Menyu ya rangi ilikuwa inatoa namba, nami ndani ya ekspresheni nilikuwa naunga jina kwa vipande: neno SHANGAZI, nafasi moja, halafu namba iliyochaguliwa. Kwa programu hilo si jina la leya, ni maneno tu ndani ya alama za nukuu. Haiwezi kulifuata. Vibao 12, rangi tatu kila kimoja, na vyote vinapiga hodi kwa Shangazi aliyehama bila kuaga. (Ile nafasi kabla ya namba nayo ni mtego. Leya ikiitwa COLORS1 na ekspresheni ikatafuta COLORS 1, hazitaonana.)

Nilirekebisha ya kwanza kwa mkono, nikaichukua kwa Copy Expression Only, nikawachagua wenzake wa kundi moja na kubandika kwa mkupuo. Humo humo nikaona bomu la pili kabla halijalipuka. Ekspresheni zote za kasi zilikuwa zinamalizia kwa neno Slider, na kwenye After Effects ya Kijerumani kitelezi hakiitwi hivyo. Ekspresheni ingetafuta Slider, isimwone, ikafa. Jina ulilompa kidhibiti mwenyewe halibadiliki, la ndani yake ndilo linalotafsiriwa. Ukiweka namba 1 mahali pa neno hilo, unamaanisha kipengele cha kwanza cha kidhibiti, na hicho ni cha kwanza kwa kila lugha.

Saa tisa usiku. Limebaki kufunga mzigo tu.

Niliendesha Collect Files nikiwa nimeacha chaguo la All, yaani kusanya vyote. Amri hii huunda folda yenye nakala ya mradi, folda ya vyanzo na ripoti ya maandishi. Folda yangu ilitoka na gigabaiti 2.6, ilhali mradi wenyewe haufiki megabaiti 40. Nikachungulia. Kulikuwa na rekodi za skrini, picha za majaribio ambazo sikuwa na leseni ya kuzigawa, na faili ya sauti ya dakika nne ambamo naigiza kwa mdomo mdundo niliotaka utumike kwenye video ya onyesho. Du-du-cha, du-du-cha, kisha kikohozi, kisha du-du-cha. Yote hayo yalikuwa yameketi kwenye paneli ya mradi, hayatumiki popote, na All haiulizi nani anatumika.

Kumbe kuna amri ya kufagia: Reduce Project. Unachagua kompo unazozitaka, inatupa kila kisichotumiwa nazo. Nikachagua vibao vyangu 12, nikabonyeza. Ikaja taarifa kwamba kuna ekspresheni ambazo hazitafanya kazi tena. Nami kama mtu yeyote mwenye usingizi nikabonyeza sawa bila kusoma.

Vibao vyote vikawa vyeusi na vimekauka.

Reduce Project huangalia kilichowekwa ndani ya kompo ulizochagua. CONTROL PANEL haikuwekwa ndani ya kibao chochote, ilikuwa inatajwa tu na ekspresheni, na kutajwa hakutoshi. Programu ilimwona Shangazi kama mtu asiye na shughuli, ikamtupa pamoja na kikohozi changu. Ctrl+Z ilimrudisha. Safari hii nilichagua kompo 13. Mzigo ukashuka hadi megabaiti 38. Nikahifadhi nakala ya toleo la zamani pia, kwa sababu After Effects ya zamani haifungui mradi uliohifadhiwa na mpya. Fonti sikuziweka ndani, wala muziki. Kiungo cha fonti kinatosha, muziki ni wa mwenyewe, na ule unaosikika kwenye onyesho lazima uelezwe waziwazi kwamba haumo.

Mwishowe nikanakili zipu, yaani mzigo wote uliofungwa ndani ya faili moja, kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti zangu wala vyanzo vyangu, nikaifungua huko. Kwenye mashine uliyotengenezea kila kitu hufanya kazi, hata vilivyokufa, kwa sababu bado inajua zilipo faili za zamani. Hakuna onyo hata moja. Nikapakia. Mkaguzi akapitisha bila neno, na kwa mkaguzi kimya ni shangwe.

Siku ya nne akaja mnunuzi wa kwanza, na saa moja baadaye ujumbe wake. Nilikuwa nimesafisha leya, kompo, ekspresheni, folda na zipu. Mwongozo wa PDF niliuandika wiki tatu nyuma, na sikuugusa. Ukurasa wa 2, hatua ya kwanza, kwa herufi nene: "Fungua KITOVU, mchague SHANGAZI, kisha mwongezee kasi taratibu. Asipoitika, mzime na umwashe tena."

"Habari," aliandika mnunuzi. "Nimetafuta kila folda, Shangazi sijamwona. Je, anauzwa kando?"