Wiki sita za nani?

Karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitali, baada ya oparesheni ya ngiri ya kinena, ilikuwa na mstari mmoja tu wa maelekezo: "Asifanye kazi nzito kwa wiki 6." Nikaikunja na kuitia mfukoni. Kabla sijaufikia mlango nikapaliwa na mate, nikakohoa, na kikohozi hicho kimoja kikanikunja kiuno huku nimekamata kinena kwa mikono miwili. Sasa kazi nzito ni ipi?

Sikuuliza kwa mzaha. Shinikizo la ndani ya tumbo, ambalo ndilo husukuma mshono wa ngiri, limewahi kupimwa kwa watu wenye afya, ikaonekana kwamba kukohoa na kurukaruka hulipandisha kuliko kunyanyua vyuma vyepesi kwa mikono. Mgonjwa anakatazwa ndoo, lakini hakuna anayeweza kumkataza chafya.

Hata hivyo, wanaohimiza subira hawasemi kwa uoga tu. Ngozi iliyoshonwa, wiki ya kwanza, inashikiliwa na nyuzi. Yenyewe haina nguvu ya kutajika. Hata ikipita miezi mitatu, kovu hufikia kama asilimia 80 ya uimara wa ngozi ya awali, na asilimia iliyobaki hairudi. Kwa macho kidonda kimefunga, mgonjwa anaoga na kuvaa mkanda, ila chini ya kovu mwili bado unasuka. Ukiujaribu mapema, mshono wa ndani unaweza kuachia bila ngozi ya juu kuonyesha chochote.

Upande wa pili una hoja ambayo kizazi kilichopita hakikuipa uzito: kulala nako kunaumiza. Msuli usiotumika hupungua ndani ya siku chache, mapafu hayajai vizuri, damu huganda kwenye mishipa ya miguu, na donge likipanda hadi mapafuni linaweza kuua mtu ambaye oparesheni yake ilikwenda salama kabisa. Daktari mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark, katika miaka ya 1990, alijenga utaratibu mzima juu ya wazo la kumwinua mgonjwa mapema, kumlisha mapema na kutuliza maumivu yake vizuri ili aweze kusimama. Kwa ngiri yenyewe, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 haukung'ang'ania wiki sita: unasema mgonjwa arudie shughuli zake za kawaida mara tu anapojisikia anaziweza. Sababu ni ya kiufundi. Siku hizi ngiri nyingi huzibwa kwa wavu wa plastiki unaowekwa ndani ya mwili, na wavu huo unabeba mzigo tangu siku ya kwanza badala ya kungoja nyama ziungane.

Hapo nilikuwa nimeshahamia kambi ya pili na virago vyangu. Kilichonirudisha ni goti.

Anayekatika ligamenti ya msalaba ya mbele, ule ugwe wa katikati ya goti unaoshikanisha mifupa, kwa kawaida hutengenezewa nyingine kutokana na kano yake mwenyewe, mara nyingi ya nyuma ya paja. Kano hiyo ikishapandikizwa hukosa damu kwa muda, hudhoofika, kisha huanza kujengwa upya. Udhaifu wake mkubwa huangukia kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi, wakati uleule ambapo uvimbe umekwisha, magongo yamerudishwa, na mwenye goti anaanza kuulizia mechi. Maumivu, ambayo kwenye ngiri ni mlinzi mzuri, hapa yanakaa kimya. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa 106, ulikuta kwamba kila mwezi aliosubiri mchezaji hadi kufikia mwezi wa 9 ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Watu 106 si wengi, na wenye subira huenda ndio haohao wenye bidii ya mazoezi ya tiba. Hata nikiutoa chumvi hiyo, unabaki na uzito.

Wapenzi wa soka hawahitaji utafiti. Ronaldo wa Brazil alifanyiwa upasuaji wa kano ya goti Novemba 1999. Tarehe 12 Aprili 2000 akaingia uwanjani kuichezea Inter dhidi ya Lazio. Dakika kumi hazikutimia, akapiga chenga, hakuguswa na mtu, akaanguka ameshika goti lilelile. Mara ya pili alingoja zaidi ya mwaka, na Kombe la Dunia la 2002 akafunga mabao 8.

Ndiyo maana sioni maana ya kubishania "mapema" na "kuchelewa" kama mambo ya jumla. Wiki sita ni nyingi mno kwa ngiri yenye wavu, na kwa goti ni kama hujaanza. Goti linataka mwezi wa 9 uwe umefika na mguu uwe umefaulu mtihani: uruke kwa mguu mmoja, upimwe nguvu, na usipofika walau asilimia 90 ya nguvu za mguu mwenzake, rudi mazoezini.

Tena kuna mkate. Aliyeajiriwa akiandikiwa wiki sita ni likizo. Kibarua akiandikiwa hizohizo ni wiki sita bila ujira, na wengi wanarudi kubeba mizigo kimyakimya siku ya kumi bila kumwambia mtu.

Siku ya kurudi kliniki nilimuuliza daktari kuhusu ndoo. Akanibonyeza kinena, akaniambia nikohoe, akaridhika. "Inua. Ukisikia inauma, weka chini." Nikatoa ile karatasi mfukoni nikamwonyesha mstari wa wiki sita. Akaisoma, akacheka. Fomu hizo, akasema, alizikuta.