Mpiga Ridhimu Si Mtu wa Kupunguzwa

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwaona jamaa zangu waliotoka bara na kufikia katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, na baada ya chakula cha usiku bendi ya hoteli ikapanda jukwaani kama ilivyo ada. Bendi hiyo naijua kwa miaka mingi, na karibu wanamuziki wake wote nimewahi kuketi nao Mwembe Tayari, hapa Mombasa, tukinywa kahawa. Pengo nililiona kabla ya kulisikia. Mpiga solo alikuwepo, wa besi alikuwepo, mpiga ngoma na mwimbaji walikuwepo, na nyuma ya kinanda alikuwa ameketi kijana nisiyemjua. Mahali pa mpiga gitaa la ridhimu, lile linalorudia kifungu kifupi na kushika mwendo wa wimbo, upande wa kushoto karibu na ngoma, palikuwa na kiti kitupu kilichorundikiwa nyaya za spika.

Walipofika kwenye "Sina Makosa", wimbo wa bendi ya Les Wanyika, niliacha kula. Maneno yalikuwa yale yale tunayoyajua sote, solo ilipigwa vizuri, lakini wimbo haukutembea. Ulikuwa kama mtu anayevuta mguu mmoja, na ulipokaribia mwisho ulikuwa unakimbia kuliko ulivyoanza. Wakati wa mapumziko nilimwendea mpiga solo nikamwuliza mwenzake yuko wapi. Alitazama chini, kisha akanijibu kwa sauti ndogo: "Amepunguzwa, kaka. Wakubwa walisema kinanda kitashika sehemu yake, na wageni hawatajua."

Wageni hawakujua, hilo nalikubali kwa shingo upande. Walipiga makofi na wengine wakacheza. Hata hivyo, neno hilo la "kupunguzwa" nimekaa nalo siku nne sasa, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba halikuzaliwa katika ofisi ya hoteli. Lilizaliwa kwetu sisi wapenzi wa gitaa. Ni sisi tunaokesha barazani tukibishana nani mkubwa kati ya Franco na Docteur Nico, wapiga gitaa wa Kongo, ni vijana wetu wanaoapa kwa jina la Jimi Hendrix wa Marekani, na katika mabishano yote hayo ukubwa hupimwa kwa kasi ya vidole na urefu wa solo. Tangu nianze kuketi katika mabaraza hayo sijamsikia mtu akiinua sauti kumtetea mpiga ridhimu. Ikiwa wapenzi wenyewe wamemsahau, meneja anayepanga mishahara atamkumbuka kwa lipi?

Basi leo nainua sauti mimi. Mpiga gitaa ninayempenda kuliko wote ni Omar Shabani wa Les Wanyika, na gitaa lake lilikuwa la ridhimu.

Les Wanyika walijitenga na bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978, na waliyoyafanya baada ya hapo yalitokana na mgawanyo wa kazi ambao naona haujapata kufikiwa na bendi nyingine ya Kiswahili. Besi ya Tom Malanga huacha nafasi: hugonga noti chache, kisha hunyamaza, na ukimya wake una uzito sawa na noti zenyewe. Solo ya John Ngereza huja inapohitajika na huondoka kabla ya kuchosha. Kati ya hao wawili hupita gitaa la Omar Shabani, jepesi na safi, likirudia kifungu kile kile kifupi tangu wimbo unapoanza hadi unapomalizika, nalo ndilo linalokufanya utikise kichwa bila kujua ni nani aliyekitikisa. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kuuimba wimbo wao wowote ukiwa peke yako jikoni. Utajikuta unaimba maneno, halafu mwimbaji anaponyamaza mdomo wako wenyewe unaendelea na gitaa, na mara nyingi gitaa unaloliimba ni lile la ridhimu.

Watu husema kurudia ni kazi rahisi. Bibi yangu alikuwa akisuka ukili kila alasiri, na nikiwa mtoto niliona kazi ile kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote duniani, kwa sababu vidole vyake vilifanya jambo lile lile mara elfu huku akizungumza na majirani. Siku aliponipa nijaribu, nilisuka ukili wa urefu wa dhiraa moja ambao ulikuwa mwembamba huku na mpana kule, akaufumua wote bila kunigombeza. Rangi za mkeka huonekana kutoka mbali na ndizo zinazosifiwa na mnunuzi, lakini ukili usipolingana mkeka haulali chini. Solo ni rangi. Ridhimu ni ukili wenyewe, na anayeweza kuusuka kwa upana ule ule kwa dakika kumi mfululizo, jasho likimtoka na mpiga ngoma akimvuta aongeze mwendo, ana uwezo ambao wapiga solo wengi hawana.

Najua ugumu wake kwa sababu nilipiga ridhimu kwa miaka mitatu katika bendi ya harusi, na aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa Majengo ambaye sasa ni marehemu. Gitaa lake kavu lilikuwa limefungwa penseli shingoni kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ili sauti ipande imfae mwimbaji. Hewa ya bahari hula nyuzi za chuma upesi, hasa wakati wa masika, kwa hiyo kila alipomaliza kupiga alichukua kitambaa kikavu akazipangusa, uzi mmoja baada ya mwingine, kuanzia kwenye daraja hadi kwenye vigingi, na hakuzungumza na mtu hadi amalize. Miezi mitatu ya mwanzo alinifundisha kifungu kimoja tu. Nilipolalamika alinishika mkono wa kushoto akanionyesha jambo ambalo sijawahi kulisahau: ukishapiga noti, kidole hakiondoki juu ya uzi, bali hulegea kidogo tu, kiasi cha unene wa karatasi, na sauti hufa pale pale. Alinifanya nirudie kulegeza huko hadi ncha za vidole zikaota sugu. Mkono wa kulia ndio unaoonekana kufanya kazi, lakini ule wa kushoto ndio unaoamua kila sauti iishi kwa muda gani, na ngoma ya kuchezeka hukaa katika uamuzi huo.

"Usipige, mwanangu," alikuwa akiniambia kila nilipoharakisha. "Sikiza kwanza mwimbaji anapumua wapi."

Sisi watu wa Mombasa tungepaswa kulielewa neno hilo kuliko wengine. Tumelelewa katika mashairi na tarabu, na masikio yetu yamezoea kungojea vina. Aliyepata kumsikia Zein l'Abdin na udi wake anajua kwamba mpigaji mwenye adabu hamkanyagi mwimbaji katikati ya kipande. Hungojea kina kitue, ndipo ajibu. Gitaa la dansi la Kiswahili, katika ubora wake, limebeba adabu hiyo hiyo, na kwangu mimi kipimo cha kwanza cha mpiga gitaa mkubwa ni hiki: je, anayasikia maneno? Kama hayasikii, kasi yake yote hainifikii.

Kwa kipimo hicho, wapo wapiga solo ninaowaheshimu kwa moyo wote, na wa kwanza wao ni Mbaraka Mwinshehe wa Tanzania. Alizaliwa mwaka 1944, akapata jina akiwa na bendi ya Morogoro Jazz, akafika nayo hadi Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, kisha akaanzisha Super Volcano. Aliimba na kupiga solo mwenyewe, na ndiyo maana gitaa lake halikuwahi kugombana na sauti yake. Alipomaliza ubeti, gitaa lilichukua maneno pale pale alipoyaacha na kuyaeleza upya kwa njia nyingine, kama mtu anayekumbushia jambo ambalo kinywa kimeona haya kulisema. Alifariki Januari 1979 hapa hapa Mombasa, baada ya ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 34. Kila nikisikia solo yake nakumbuka kwamba pumzi yake ya mwisho aliivutia katika mji wetu, na huona kuwa tuna wajibu wa kumsikiliza vizuri kuliko watu wa miji mingine.

Yupo pia Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, na ukimsikiliza bila kuambiwa utaapa kwamba ni watu wawili: gumba linashika ridhimu na besi, kidole kinapiga solo. Kwa Bosco ule ubishi wa ridhimu na solo unakwisha, kwa kuwa yeye alikuwa vyote viwili, lakini hata kwake ni gumba linaloanza na gumba linalomaliza.

Na yupo wetu, Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, aliyewatumbuiza wanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baadaye akarekodi nyimbo ambazo bado zinapigwa katika harusi zetu. Alikuwa na namna ya kupanga noti tatu nne kwa pamoja, nyingine zikiwa na ladha ya jazi, na bado wimbo ukabaki mwepesi mdomoni mwa mtoto. Inanisikitisha kwamba kijana wa Kilifi au Kisauni anaweza kutaja wapiga gitaa kumi wa Uingereza kabla ya kumtaja yeye.

Wala hili la ridhimu si letu peke yetu. Freddie Green aliingia katika bendi ya jazi ya Count Basie huko Marekani mwaka 1937 na akabaki humo hadi alipofariki mwaka 1987, karibu miaka 50, na katika muda huo wote karibu hakupiga solo. Gitaa lake halikuwa la umeme. Katikati ya matarumbeta na saksafoni za bendi kubwa kama ile, wasikilizaji wengi hawakuweza hata kulitenga kwa sikio, lakini wanamuziki waliocheza naye walijua ni nani aliyewashikia mwendo, na bendi ilimweka kwa nusu karne. Natamani wenye hoteli zetu wangelijua jambo hilo kabla ya kushika kalamu.

Kuhusu kinanda, siwezi kudai kwamba hakifai. Katika tarabu ya Mombasa kinanda kimefanya makubwa, na kijana niliyemwona Jumamosi si mpigaji mbaya. Pia najua kwamba hoteli ni biashara, na kwamba kuna misimu ambayo vyumba hubaki vitupu. Ninachokataa ni lile wazo kwamba noti ni noti, na kwamba ukizipata kutoka popote wimbo umekamilika. Yule kijana alizipiga noti zote za ridhimu, na alizipiga kwa usahihi, lakini alizipiga kama mtu anayejaza fomu, kwa sababu hakuna aliyemfundisha ni lini kila moja inapaswa kufa, na mkono wake wa pili ulikuwa na kazi nyingine.

Juzi Jumatatu nilimtembelea mpiga ridhimu mwenyewe nyumbani kwake Kisauni. Nilimkuta ameketi barazani, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na gitaa lake limesimamishwa nyuma ya mlango likiwa limefunikwa kwa kanga ya mkewe ili lisipate vumbi. Hakulaumu mtu. Aliniuliza habari za jamaa zangu, akaagiza tuletewe chai, kisha baada ya kimya kirefu akaniuliza kama wenzake walipiga "Sina Makosa". Nikamwambia walipiga.

"Mwishoni walikimbia?"

Nilikuwa sijamwambia neno lolote kuhusu hilo. Nilipokubali, alitikisa kichwa taratibu. "Yule mpiga ngoma ni kijana mzuri," akasema, "lakini akifika pale mwisho damu humpanda. Mimi nilikuwa namshika. Namtazama, nazidisha kidogo mkono, naye anarudi. Sasa nani atamtazama?"

Miaka tisa alikuwa akifanya hivyo kila Jumamosi, na katika meza zote za hoteli ile hakuna aliyejua, nikiwemo mimi niliyejidhani mjuzi. Jumapili ijayo atapiga katika harusi moja Likoni. Nimemwomba ruhusa niketi nyuma yake, upande wa ngoma, ili safari hii nimwone anapogeuza macho.