Jiko Lililompigia Mama Mkwe Mluzi

Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake. Alipokuja kukaa nasi wakati wa baridi, siku ya kwanza tu alipita sebuleni nikiwa nimejilaza kwenye kochi, na mara mluzi mrefu, laini, wa kijana wa kijiweni, ukamsindikiza hadi mlango wa jikoni. Akasimama. Akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Baba, ni wewe?"

"Hapana, Mama. Ni jiko."

"Jiko."

"Ndiyo, Mama. Jiko."

Alivyolirudia neno hilo nilijua keshaniweka kundi gani.

Nijitetee. Jiko lenyewe ni la kupashia nyumba joto, linalokula peleti, vile vijiti vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vyenye unene wa milimita 6 hivi. Parafujo ndefu inavidondosha kidogo kidogo kwenye kikombe cha moto, na feni inayosukuma moshi nje ndiyo hiyo hiyo inayovuta hewa ya kuchochea. Jiko letu huivuta hewa hiyo kutoka nje, kwa bomba lililotoboa ukuta, kusudi lisigombanie hewa ya ndani na feni ya jikoni. Bomba hilo ndilo lililokuwa na tabia mbaya.

Kilichonimaliza ni jinsi lilivyochagua mtu. Nikikaa mimi, kimya. Akikaa mke wangu, kimya. Mama akiingia tu, fyuuu! Ikabidi nianze kumpeleleza mama mkwe wangu, kazi ambayo simwombei mtu yeyote. Nikagundua kwamba yeye akitoka nje huingia kwa awamu: mlango wazi, kwanza kiatu kimoja, halafu salamu, halafu kiatu cha pili, halafu koti. Themostati imetundikwa pale pale kando ya mlango. Inapigwa na baridi, inaamuru jiko liongeze moto, feni inakaza mwendo, hewa inakimbia bombani, fyuuu. Nikamweleza yote hayo kwa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti yake: "Mumeo anasema mimi naingia na baridi."

Fundi niliyempigia simu alisema kila jiko lina sauti yake. Ahsante sana.

Nikaanza na mlango wa jiko, likiwa limepoa. Unabana kipande cha karatasi mlangoni, unakivuta. Kikitoka kirahisi, ujue kamba ya kuzibia imechoka na hewa inapenya hapo. Changu kiling'ang'ania hadi kikachanika. Nikahamia nje, kwenye wavu unaozuia wadudu mdomoni mwa bomba. Nilikuta utando wa buibui, vumbi lililoganda, na unyoya wa ndege aliyeondoka bila kuaga. Nikausugua kwa mswaki mkuukuu. Mluzi ukapungua ukali, kutoka kijana wa kijiweni hadi mzee aliyekumbuka ujana wake, lakini bado ulikuwa mluzi.

Basi nikalichomoa bomba nyuma ya jiko, jiko likavuta hewa ya sebuleni kwa muda. Kimya kabisa. Nikalirudisha: fyuuu. Mtuhumiwa akawa amejulikana. Lilikuwa bomba la alumini la kukunjika, ndani limejaa mikunjo, tena refu kuliko haja. Hewa ikipita kasi juu ya mikunjo ile inajisokota, kila kunjo na kisulisuli chake, na visulisuli hivyo vikipatana na urefu wa bomba, bomba linaimba. Hata feni ikiongeza kasi taratibu, sauti inapanda kwa kuruka, kama ngazi. Nilipolivuta likanyooka kidogo, lilibadilisha wimbo.

Nikatoka kutafuta bomba laini la chuma. La plastiki sikulitaka, kwa sababu joto au cheche ikirudi nyuma, litayeyuka. Huku nyuma, Mama akaamua kulimaliza mwenyewe.

Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya mno. Mwali uliozoea kuruka kwa uchangamfu ulikuwa wa rangi ya machungwa, mrefu na mvivu, unalamba kioo, na kioo chenyewe kimeshakuwa cheusi. Peleti zilikuwa zimelundikana kikombeni zikifuka moshi. Nikiwa bado nashangaa, mwali ukafa, na baada ya muda jiko likawasha taa nyekundu na kujizima.

"Limeshika adabu," Mama akasema kutoka ndani ya blanketi mbili.

Alikuwa ameufuata mluzi hadi nje, akaung'oa wavu, akalishindilia bomba kwa skafu yake ya sufu. Nikaanza kuitoa kwa vidole viwili, inchi kwa inchi, yeye amesimama nyuma yangu: "Taratibu. Hiyo nilipewa zawadi."

Bomba jipya ni fupi na lina kona moja tu. Jioni ile Mama akaingia kwa awamu zake zote, baridi ikajaa, jiko likapanda hadi mwisho wa nguvu zake, na hakuna mluzi. Akasimama katikati ya sebule na kiatu kimoja mkononi, akasikiliza, halafu akanitazama kwa huruma.

"Kumbe ukiamua unaweza kujizuia."

Sasa, bomba hilo lilikuja na kifuniko chepesi cha bawaba kwenye mdomo wake wa nje. Usiku upepo ukaanza. Ko, ko, ko. Ukatulia. Ko, ko, ko.

"Karibu!" Mama akaitikia kutoka chumbani.

Ko, ko, ko.

"Baba, hujasikia? Mgeni amesimama nje kwenye baridi, nawe umekaa tu!"

Mke wangu akajifunika mto usoni ili asisikike akicheka. Safari hii sikueleza habari ya kifuniko, wala ya upepo. Niliinuka nikaenda kufungua mlango.