"Baba, wewe lala tu": ushauri unaowadhoofisha wenye saratani mifupani

Mzee akishaambiwa kwamba saratani ya tezi dume imesambaa hadi kwenye mifupa, nyumba nzima humzunguka kwa upendo na kumwambia, "Baba, wewe lala tu, sisi tupo." Chakula huletewa kitandani, hata kazi ya kufungua geti hunyang'anywa, na baada ya miezi michache kuinuka kitini kunamshinda. Naamini upendo wa namna hiyo unamdhuru, ingawa siwalaumu wanaomuuguza, kwa kuwa mara nyingi hakuna aliyewaeleza vinginevyo.

Hofu yao ina msingi. Saratani ikiingia mfupani huvuruga kazi ya seli zinazomega mfupa uliochakaa na zile zinazojenga mpya, hivyo mfupa unaweza kuvunjika kwa jambo dogo. Hata pale eksirei inapoonyesha mfupa mweupe ulioshikana, kama inavyotokea sana kwa saratani ya tezi dume, mfupa huo si imara. Lakini kulala nako hupunguza misuli na mifupa, na dawa za kushusha homoni ya kiume ambazo mgonjwa huyo huyo hupewa huwa na madhara kama hayo.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edith Cowan nchini Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 57 wa aina hii waliofuatiliwa kwa miezi 3. Waliofanya mazoezi yaliyopangwa ili yasielemee mifupa yenye saratani walieleza kwamba uwezo wao wa kufanya shughuli umeongezeka, na mazoezi hayo hayakumvunja mtu mfupa wala kuzidisha maumivu.

Kwa mwenye saratani kwenye uti wa mgongo, hatari kubwa huku kwetu iko uani: kuinama kufagia kwa ufagio mfupi, kunyanyua ndoo ya maji kutoka chini, kujipinda akikamua shuka. Kinachomfaa, daktari akiridhia, ni kutembea mahali tambarare na kujizoeza kuinuka kwenye kiti imara, nyayo zikiwa zimerudishwa nyuma kidogo na mgongo umenyooka, kisha kuketi tena taratibu. Kama kusujudu kunamlazimu kuukunja mgongo, naye ni mgonjwa, basi aswali kwenye kiti.

Ninachodai ni kwamba mgonjwa asiondoke kliniki kabla daktari na mtaalamu wa fiziotherapia hawajamwandikia mifupa gani imeathirika na miondoko gani aiepuke. Dar es Salaam ina Taasisi ya Saratani Ocean Road na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Wataalamu wa kuanzisha utaratibu huo tunao.

Karatasi hiyo itaje na dalili za hatari. Akipata maumivu mapya kila anapokanyaga, aache mazoezi na amwone daktari. Miguu ikilegea au kufa ganzi, au akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo ikibanwa, kuchelewa kidogo kunaweza kumnyima uwezo wa kutembea tena.