Saa ya Dar, jua la Kigoma, na sisi tunaokimbia gizani

Jamaa zangu wa Dar nikiwaambia nakimbia saa kumi na mbili asubuhi wanadhani nakula upepo tu huku jua linachomoza ziwani. Kwanza huku jua linazama ziwani, halichomozi ziwani. Pili saa kumi na mbili ya Kigoma bado ni usiku bwana, nchi nzima tunatumia saa ileile lakini sisi tuko magharibi kabisa, jua linatufikia karibu dakika 40 baada ya Dar na kuna miezi linachomoza saa moja ishapita.

Sasa maisha hayasubiri jua. Muda huo barabara ya Mwanga kwenda Ujiji imeshajaa watu, watoto wa shule na mabegi yao, wamama wana mabeseni kichwani, vibarua, na sisi wachache wa raba ambao watu wanatuona hatuna kazi ya kufanya. Wote tumebanana kwenye kaukingo ka lami, upande huu gari, upande ule mtaro uko wazi.

Huo mtaro naujua kwa ndani. Mwaka jana gari lilikuja limewasha ful, macho yakafa ganzi, nikasogea hatua moja tu na hatua yenyewe haikuwa na ardhi. Mama mmoja akatua beseni lake akanivuta mkono, na kabla hata ya pole akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye mwanangu." Nilicheka huku goti linavuja damu.

Tangu siku hiyo napiga hesabu nikiwa nakimbia. Gari la spidi 50, ambayo ndo mwisho kisheria kwenye makazi ya watu, linakula karibu mita 14 kwa sekunde moja. Likishuka mpaka 30 ni mita 8 na kitu. Na breki ndo balaa zaidi, ukizidisha spidi mara mbili gari linataka umbali mara nne ili lisimame. Mtoto wa darasa la pili na sweta lake la bluu gizani utamuona mita ngapi?

Kila mtu ukimuuliza atakwambia yawekwe matuta. Sawa, sikatai, ila angalia boda akifika kwenye tuta anafanyaje, anakata pembeni, anapita pale tuta linapoishia, yaani palepale tunapotembea sisi! Tuta linapunguza gari halafu linatuletea pikipiki miguuni.

Mimi naona tuanze na mtaro. Nafasi ya kutembea tunayo, imechimbwa tu. Ufunikwe kwa vipande vya zege vyenye matundu, ambavyo watu wawili wanaweza kuvinyanyua wakazoa mchanga, maana mji wetu ni milima na mvua ikipiga maji yanashuka na udongo mwekundu na chupa na kila kitu, ukifunika moja kwa moja umeziba. Halafu taa, hasa kwenye vivuko vya shule, ziwake mpaka jua litoke kwelikweli, zisizimwe kwa kufuata saa ya ukutani.

Najua mtaniambia ukishafunikwa machinga watapanga bidhaa hapo hapo. Kweli, na hapo sina jibu zuri. Mama wa ndizi naye anatafuta riziki, na kiukweli mara nyingine kataa kake ka sola ndo kananionesha shimo liko wapi.

Kwa sasa nakimbia upande wa kulia ili magari yaje usoni nisishtukizwe kwa nyuma, nimenunua na kizibao cha kung'aa kama cha boda, watoto wananiita "bosi, twende mjini." Basi.

Ila kuna duka moja njiani, mwenyewe kachoka kuona wateja wanaruka mtaro, kamwaga zege mbele ya duka lake lote. Hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Kila asubuhi nikifika pale naacha kuangalia chini, nanyoosha miguu, halafu zege linaisha narudi kwenye lami na magari.