Kupe, limfoma na funzo la ndigana kali

Mfugaji aliyepoteza ndama kwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ameshaona kwa macho yake kupe akileta kitu kinachofanana mno na saratani. Tezi za chini ya sikio huvimba kwanza. Kimelea Theileria parva kikishaingia ndani ya seli nyeupe za damu, huzilazimisha zigawanyike bila kikomo, nacho kikigawanyika pamoja nazo. Ukikiua kwa dawa ya buparvakwoni, seli hizo huacha wazimu wake. Kwa hiyo anayecheka akisikia kupe na limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za kinga, vikitajwa pamoja, acheke polepole.

Kwa binadamu mambo si mepesi hivyo. Anayeshukiwa ni borelia, bakteria wa ugonjwa wa Lyme anayeenezwa na kupe, na kinachobishaniwa ni limfoma ya ngozini inayotokana na seli B, aina mojawapo ya seli nyeupe. Mwaka 1997 watafiti wa Austria walikuta vinasaba vya bakteria huyo kwa wagonjwa 9 kati ya 50; mwaka 2000, kwenye nyanda za juu za Scotland, 7 kati ya 20. Wapo pia wagonjwa wachache ambao vivimbe vyao vilinywea kwa antibayotiki peke yake. Hoja ni kwamba bakteria akikaa ngozini miaka, kinga huchokozwa bila kupumzika mpaka ukoo mmoja wa seli unaasi. Tumboni, bakteria Helicobacter pylori hufanya hivyo hivyo, na hilo halina ubishi tena.

Lakini Marekani, ambako Lyme imejaa, vipimo vilivyotangazwa 2001 havikumkuta borelia kwenye limfoma hizo. Watetezi hujibu kwamba Ulaya ina spishi yake, Borrelia afzelii, inayopenda kujikita ngozini. Jibu hilo naliona lina uzito. Hoja ya antibayotiki ndiyo inayonitia shaka: limfoma hizi hukua taratibu, na baadhi hunywea zenyewe. Tena wale 41 wa Austria ambao hawakukutwa na borelia waliipataje limfoma?

Mgonjwa wa Ulaya akipimwa borelia, na akikutwa naye akaanzishiwa antibayotiki kabla ya mionzi, sioni kosa, mradi daktari aendelee kumfuatilia. Kwetu habari ni nyingine. Papasi, kupe laini wa nyumba za udongo, hubeba Borrelia duttonii, ya homa ya kujirudia, na hesabu za Austria hazimhusu.