Eti Kiingereza Kilizaliwa na Koti la Maabara

Kikao cha wazazi kilikuwa kimefika kwenye mengineyo, watu wameshaanza kuchungulia simu, ndipo mama mmoja akauliza kwa nini watoto wa kidato cha kwanza wasifundishwe walau biolojia kwa Kiswahili, maana mwanawe anakariri tu bila kuelewa. Mzee mmoja wa kamati akakohoa, akasimama. "Mama, tusidanganyane. Kiingereza ni lugha ya sayansi tangu asili. Kiswahili ni cha kuombea chumvi kwa jirani." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi kabisa. Kikao kikafungwa, soda zikagawiwa.

Haya, mzee wangu, shikamoo. Tuitazame hiyo asili.

Utawala wa Kirumi ulikoma Uingereza mwanzoni mwa karne ya 5. Kutoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini wakaja watu kwa mashua: Waanglo na Wasaksoni kutoka kaskazini mwa Ujerumani ya leo, Wajuti kutoka Denmark. Makabila hayo aliyataja Bede, mtawa wa Jarrow kaskazini mwa Uingereza, aliyemaliza kuandika historia yake mwaka 731, karibu miaka 300 baada ya mambo kutokea, tena kwa Kilatini. Msafara unasemekana uliongozwa na ndugu wawili, Hengest na Horsa, ambao majina yao yote mawili ni majina ya farasi, kwa hiyo kila mtu ameze anavyoweza. Hao wageni hawakushuka na maktaba. Maandishi yao ya mwanzo ni alama za runi, herufi zao za kale, zilizokwaruzwa kwenye silaha, mapambo na mifupa. Mojawapo ya yale ya zamani kabisa liko kwenye kifundo cha mguu wa paa, kilichofukuliwa Norfolk ndani ya chungu cha majivu ya maiti. Fizikia sikuiona humo.

Lugha ya wageni hao, ndiyo iliyokuja kuitwa Kiingereza, ilipanda kwa sababu kuna watu waliamua kuiandika ikiwa bado haina hadhi yoyote. Mwanzoni mwa karne ya 7, Æthelberht mfalme wa Kent aliandikisha sheria zake kwa lugha ya watu wake, wakati wafalme wenzake wa ng'ambo walikuwa wakiandika zao kwa Kilatini. Si falsafa nzito: ukimkata mtu kidole gumba unalipa shilingi 20, ukimng'oa jino la mbele shilingi 6. Ila mkulima akisomewa, anaelewa anadaiwa nini.

Halafu akaja Alfred, na hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo.

Alfred alishika ufalme wa Wessex, kusini mwa Uingereza, mwaka 871, Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wakiwa wameshazimeza baadhi ya falme nyingine za Waingereza. Mwanzoni mwa 878 alikuwa mafichoni kwenye vinamasi vya Somerset (ile hadithi kwamba aliunguza mikate ya mwenyeji wake ilitungwa baadaye, ingawa naipenda sana). Mwaka huohuo akampiga Guthrum, mkuu wa Waviking, pale Edington. Mfalme mwingine angejenga ngome, akala, akalala. Huyu alijenga ngome, kisha akaanza kutafsiri vitabu.

Kwenye utangulizi wa kitabu kimoja alichokitafsiri, cha Papa Gregori kuhusu kazi ya uchungaji, analalamika kwamba alipotawazwa hakumkumbuka hata mtu mmoja kusini mwa mto Thames aliyeweza kugeuza barua ya Kilatini kwa Kiingereza. Kisha anajenga hoja. Torati ilianza kwa Kiebrania, Wagiriki wakaitia katika lugha yao, Walatini wakaitia katika yao, basi na sisi tuvigeuze vile vitabu ambavyo watu wote wanapaswa kuvijua, viwe katika lugha tunayoielewa sote. Vijana wote wa watu huru wenye uwezo wajifunze kwanza kusoma Kiingereza. Kilatini kitafuata kwa wale watakaoendelea juu.

Mzee, umesikia utaratibu huo? Kwanza ile wanayoielewa, halafu ile ya wakubwa. Na hiyo "wanayoielewa" ndiyo hiki Kiingereza chako.

Msemaji mwenyewe hakuwa msomi wa kuzaliwa. Asser, askofu aliyeandika maisha yake, anasema Alfred alianza kusoma Kilatini mwaka 887, akikaribia miaka 40. Nakala ya kitabu kile aliyompelekea askofu wa Worcester ipo Oxford hadi leo. Mji huohuo, kwenye jumba la makumbusho la Ashmolean, kuna kito kidogo kilichookotwa Somerset mwaka 1693: fuwele iliyofungwa kwa dhahabu, chini kinamalizikia kwenye kichwa cha mnyama mwenye tundu mdomoni, ambamo yaelekea kilichomekwa kijiti cha kufuatia mistari wakati wa kusoma. Pembeni dhahabu imetobolewa herufi zinazosema: Alfred aliagiza nitengenezwe. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Dhahabu ya mfalme, na lugha ya kuombea chumvi!

Tukitaka sayansi, nayo ipo. Kuna mswada wa karne ya 10 wa kitabu cha tiba cha Bald, umeandikwa kwa Kiingereza, una dawa ya macho ya vitunguu, kitunguu saumu, divai na nyongo ya ng'ombe, vilazwe siku 9 kwenye chombo cha shaba, vichujwe kwa kitambaa, vipakwe kwa unyoya. Mwaka 2015 watafiti wa Nottingham waliipika ilivyoandikwa, na maabara ikaona inaua MRSA, bakteria sugu wanaosumbua wodi za hospitali.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Kilatini hakikuondoka kanisani, na kwamba Alfred naye alikuwa mwanasiasa anayejua kujisifu. Nakubali pia kwamba kupanda huko hakukudumu: Wanormani walipoingia kutoka Ufaransa mwaka 1066 Kifaransa kikachukua ikulu, na mwaka 1362 ikabidi itungwe sheria kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawaelewi wanachoshtakiwa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Wenye hadhi hawakosi vituko.

Ila kuna jambo moja la Alfred linaloniuma kuliko yote. Asser anaeleza jinsi mfalme alivyogawa mapato yake: nusu aliiweka kwa ajili ya Mungu, na robo ya nusu hiyo ikaenda kwenye shule aliyoikusanyia vijana. Sehemu moja kati ya nane, Waviking wakiwa bado wanabisha hodi. Sera yetu ya elimu ya 2014, hapa Tanzania, ilitamka kwamba Kiswahili kitafundishia ngazi zote, tukapiga makofi kama pale kikaoni. Mwenye kujua ni shilingi ngapi zilitengwa kutafsiri vitabu vya biolojia vya sekondari aniandikie, nitaweka hapa takwimu yake ilivyo, hata kama itanilazimu kumnunulia mzee wa kamati soda nyingine.